Ndoa ipewe mahali pa mti

Kiangazi kikishika katika uwanda wa Ruzizi, Jumamosi haipiti bila ndoa. Mavuno yameingia ndani, mvua imekatika, na kutoka Luvungi hadi Uvira, kando ya barabara ya taifa namba 5, unasikia honi za magari ya maharusi na vigelegele vya akina mama. Mutarule nako, kijiji ambacho nje ya Kivu Kusini hutajwa tu kwa habari za mauaji, watu wanaoana. Wanaoana mbele ya wazazi, mbele ya kanisa, mbele ya afisa wa serikali, na wanaoana kwa furaha kubwa. Naupenda msimu huu kuliko mwingine wowote wa mwaka. Kwa kuwa naupenda, nina neno juu ya vitu tunavyotumia siku hizi kuonyesha mapenzi. Vingi vinawaachia maharusi deni, vinaliachia Ziwa Tanganyika taka, na mwaka ukizunguka wale wawili hawana hata kimoja cha kuonyesha.

Ingia ukumbini asubuhi ya Jumapili, kabla wenye viti vya kukodi hawajafika kuvichukua. Sakafuni kuna maputo yaliyopasuka, riboni za nailoni, maua mekundu ya plastiki yaliyomwagwa njiani kwa bibi harusi, vikombe vya kutupa vilivyokanyagwa, chupa ndogo za maji, na vile vifuko vyembamba vilivyofungiwa vipande vya keki. Pembeni kreti za bia na soda zimepangwa sawasawa. Chupa zake zilihesabiwa moja moja usiku uleule, kwa sababu kila chupa ya kioo ina pesa ya dhamana na dipo haisamehe iliyopotea. Mama anayefagia anaijua tofauti hiyo. Kioo anakiweka upande. Kilichobaki anakisukuma kwa ufagio hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi mferejini, na mvua za Septemba zitamalizia kazi. Kama ukumbi uko Uvira, mfereji unaelekea Mulongwe au Kalimabenge, na mito hiyo inamwaga ziwani palepale mjini. Kama ni Mutarule au Sange, maji ya mvua yanashuka kuelekea Ruzizi, na Ruzizi nao huishia ziwani. Simlaumu mama huyo hata kidogo. Gari la taka la kumpokea mzigo halipo.

Richard Burton na John Speke walipofika Uvira Aprili 1858 walikuwa wakitafuta chanzo cha Nile, na walitumaini kusikia kwamba Ruzizi unatoka ziwani kwenda kaskazini. Wenyeji wakawaambia ukweli: mto unaingia. Habari hiyo iliyomvunja moyo Burton ndiyo inayotuhusu sisi leo, maana chochote kinachotupwa kando ya Ruzizi, tangu Bukavu unakotokea Ziwa Kivu, njia yake inaishia kwetu. Bukavu kwenyewe plastiki hujazana mbele ya bwawa la umeme la Ruzizi I, lililojengwa enzi za Wabelgiji, hadi mitambo ikaziba na mji ukakaa gizani. Zinazoponyoka hapo, pamoja na zile zinazoanzia huku chini, zinaingia Tanganyika, ziwa la pili kwa kina duniani, mita 1,470 kwenda chini, lenye mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie. Maji yake hukaa karne nyingi kabla ya kubadilika. Ndani ya maji mengi kiasi hicho taka za harusi moja hazionekani, na hapo ndipo tunapojidanganya. Mvuvi wa Uvira anayechambua vifuko kutoka kwenye wavu kabla ya kuhesabu ndagala zake anaziona vizuri.

Sheria tunayo. Dekreti ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko na vifungashio vya plastiki katika nchi nzima ya Kongo. Rwanda ilitangulia tangu 2008, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019, na huko ukibeba mfuko wa namna hiyo unaweza kutozwa faini. Kwetu mfuko unauzwa sokoni mchana kweupe. Sitarajii dekreti hiyo iingie katika ukumbi wa harusi kabla sisi wenyewe hatujaiingiza.

Kuna pia makaa. Karamu ya watu mia tatu hupikwa juu ya mafiga na mbabula, na magunia yanashuka kutoka milima ya Mitumba, ambayo imeisimamia Uvira kwa upande wa magharibi na sehemu kubwa imebaki upara. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, baada ya mvua kubwa, Mulongwe ulifurika. Makumi ya watu walikufa, maelfu ya nyumba zikabomoka, na mawe yaliyoshuka mlimani yakalala katikati ya mitaa. Mvua ile ingeleta madhara hata kwenye mlima wenye msitu. Ila mlima usio na miti unapoteremka, unateremka na tope na majabali, na unamkuta mtu kitandani. Katika mji wa namna hiyo, sherehe ya kuanzisha nyumba mpya inapaswa kuongeza miti mlimani au uwandani, angalau ilingane na ile iliyoteketea jikoni.

Nchi za wenzetu zina mjadala wao juu ya zawadi za mapenzi. Ulaya wanajiuliza kila Februari, siku ya wapendanao ikikaribia, kama ni vema kununua waridi lililosafirishwa kwa ndege kutoka Naivasha, kando ya ziwa jingine la Afrika ya Mashariki. Chuo Kikuu cha Cranfield, Uingereza, kiliwahi kupima jambo hilo mwaka 2007 na kukuta kwamba waridi la Kenya, pamoja na ndege yake, lilichafua hewa kidogo kuliko la Uholanzi lililokuzwa ndani ya nyumba ya vioo yenye kupashwa moto. Naikumbuka habari hiyo kwa sababu inaonyesha kwamba jibu la mahali pamoja halihamishiki lilivyo. Mutarule hakuna anayenunua waridi la ndege. Swali letu ni jingine, na vitu vya kulijibia viko hapahapa.

Zanzibar, kwa mfano, hawakuwahi kungoja mtu awafundishe. Bibi harusi hutiwa kikuba cha asumini, mkadi na rehani, maua na majani yanayokuzwa uani, yanachumwa siku ileile, yananukia usiku kucha na kesho yake yanatupwa ardhini yakaoza. Kitanda cha maharusi humwagiwa asumini. Hakuna harusi ya plastiki inayoweza kushindana na harufu hiyo. Nasi huku bara tulikuwa na yetu. Mlango wa nyumba yenye ndoa ulisimamishiwa migomba miwili, kulia na kushoto, na matawi ya mawese yakapindwa yakawa tao juu ya njia. Bado yapo vijijini. Kijana mwenye panga hukata tawi bichi, hulichana majani kwa upande mmoja, huyasuka yale ya upande wa pili kwenda ndani, na ndani ya saa moja ana kitu ambacho mpambaji wa mjini atakutoza dola nyingi kukiiga kwa kitambaa cha nailoni. Karamu ikiisha, shina la mgomba linakatwakatwa na ng'ombe wanalila. Hakuna wa kufagia kitu.

Mahari nayo ilikuwa hivyo. Katika nchi hizi za maziwa makuu, kabla fedha haijatawala, mali ya ndoa ilikuwa jembe, mbuzi, ng'ombe. Jembe linalima, mbuzi anazaa, ng'ombe anatoa maziwa na samadi. Watu walioona haja ya kuheshimu mapenzi ya vijana wawili waliyaheshimu kwa kitu chenye kuzaa. Hata kitenge anachopewa mama wa binti bado kina akili hiyohiyo: atakivaa kanisani miaka kumi, atambeba nacho mjukuu, kitaishia kuwa kitambaa cha jikoni. Siombi turudi enzi za mababu, ambako binti mara nyingi hakuulizwa. Sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa Julai 2016, inaidai mahari na papo hapo inadai ridhaa ya wote wawili na umri wa miaka 18, na hiyo ni hatua ya kushukuru. Ninachokitaka kutoka kwa wale wazee ni kipimo chao kimoja, kwamba zawadi ya mapenzi lazima iendelee kuzaa baada ya wageni kuondoka.

Kwenye sahani pia tuna la kufanya. Msimu wetu wa ndoa unaangukia katika miezi ambayo nchi za ziwa zimeanza kulipumzisha Tanganyika ili samaki waongezeke. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Harusi ya Julai iliyojaa ndagala na mikebuka inakula mbegu ya mwaka ujao. Mbuzi, maharage, sombe na wali wa mpunga wa uwandani vinatosha kumshibisha mgeni, na fedha yake inabaki kwa mkulima wa jirani.

Nirudi kwenye miti, maana hapo ndipo penye uzito. Wazo la maharusi kupanda mti si geni. Mashirika yamegawa miche kwetu kwa miaka mingi, mapadri na wachungaji wamehubiri, na miche mingi imekufa. Watu wa mjini husema ni uvivu wa wanavijiji. Hawajui. Kijana anayeoa Mutarule mara nyingi hulima mpunga au muhogo kwenye shamba la kukodi kwa msimu mmoja, au kwenye kipande ambacho baba yake hajakitamka kuwa cha nani. Mwenye shamba atakuruhusu mahindi, maharage, nyanya, hata muhogo. Mwembe hatakuruhusu. Kwa desturi yetu anayepanda mti wa kudumu amepanda na dai la ardhi, na kila mtu uwandani anajua hivyo. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 ilisema udongo wote ni wa Dola, ikaahidi amri ya rais ya kupanga haki za wanaoishi kwenye ardhi za desturi, na amri hiyo haijatoka mpaka leo. Basi kwa mtu wa kijijini mti umekuwa kama hati. Ndiyo maana anaupigania, na ndiyo maana haupandi asipokuwa na mahali pake.

Kwa mwanamke hali ni ngumu zaidi. Analima shamba la ukoo wa mume, anazaa, analea, na mume akifa ndugu wa mume wanaweza kuja na kusema shamba ni lao. Sheria ya familia inampa haki katika urithi, lakini mahakama iko mbali na shemeji yuko mlangoni.

Kwa hiyo ombi langu ni kubwa kuliko mche. Siku wazee wa pande mbili wanapokaa kujadili mali, baada ya kukubaliana juu ya ng'ombe na fedha, upande wa mwanaume utaje mahali pa miti mitatu. Miembe mitatu inataka nafasi ya mita kama kumi kati ya mmoja na mwingine, kipande ambacho familia nyingi zinaweza kukitoa bila kuumia. Paonyeshwe kwa miguu, mbele ya mkuu wa kijiji na majirani wa mpakani. Paandikwe kwenye karatasi ileile inayoandikwa mali iliyotolewa na iliyobaki, kwa majina mawili, la mume na la mke. Upande wa mwanamke ulete miche. Mali imekuwa ikienda upande mmoja kwa muda mrefu. Hapa kila ukoo unaweka kitu kwenye shimo moja, na binti anaingia katika nyumba ya watu akiwa na kitu chenye jina lake.

Kijiji cha Piplantri, Rajasthan nchini India, kimefanya jambo la aina hiyo kwa upande wa kuzaliwa. Mtoto wa kike akizaliwa wanapanda miti 111, wanamwekea fedha benki, na wazazi wanatia saini kwamba hawatamwoza kabla ya umri wa kisheria. Kilichonivutia kwao ni saini. Miti imefungwa na ahadi juu ya maisha ya msichana, na kijiji kizima kinashuhudia. Nasi tunao mashahidi. Siku ya mali wamejaa uani, tena wameshiba.

Ziko sababu za Mutarule zenyewe. Usiku wa tarehe 6 kuamkia 7 Juni 2014 watu zaidi ya 30 waliuawa pale, wanawake na watoto wakiwemo, baadhi yao wakiwa wamekusanyika kwa ibada, na mzozo wa ng'ombe ulikuwa miongoni mwa yaliyotajwa kuwa chanzo. Siwezi kuandika juu ya mapenzi katika kijiji hicho nikapita pembeni ya jambo hilo. Ng'ombe ni mali nzuri, lakini katika uwanda ambao jamii kadhaa zinagombea malisho na maji, ng'ombe huibwa usiku na asubuhi mtu analipizwa kisasi. Mwembe hauswagwi. Unaweza kukatwa, ndiyo, lakini hauna wa kuuhamisha na kuuza ng'ambo ya mto.

Na watu hapa hukimbia. Tarehe 14 Februari 2025, siku ambayo redio kwa kawaida hupiga nyimbo za wapendanao tangu alfajiri, wapiganaji wa M23 waliuteka uwanja wa ndege wa Kavumu, na ndani ya siku mbili Bukavu ilikuwa mikononi mwao. Wiki hiyo uwanda wetu ulikuwa njia ya wakimbizi. Makumi ya maelfu walivuka Ruzizi kuingia Cibitoke, Burundi, wengine kwa mitumbwi, wengine majini kwa miguu, wake na waume wakiwa wameshikana ili mto usiwatenganishe. Desemba ya mwaka huohuo vita vikashuka Luvungi na Sange hadi Uvira yenyewe. Wanaoondoka hivyo hawabebi picha za harusi. Wanaporudi wanakuta mlango umeng'olewa, mabati yamekwenda, na mara nyingine mtu mwingine analima walipokuwa wakilima. Hapo mti waliopanda wenyewe, ambao majirani waliuona ukipandwa siku ya ndoa yao, unasimama upande wao kuliko maneno.

Vijana wataniuliza kuhusu hiyo siku ya wapendanao yenyewe, Sentivalente, maana si kila mapenzi yamefika kwenye mali. Nawajibu kwa ufupi. Puto lenye umbo la moyo linapasuka kabla ya usiku. Barua iliyoandikwa kwa mkono inawekwa sandukuni miaka yote. Mche wa mpera kwenye kopo kuukuu, wenye jina lake, unaweza kupelekwa hata kwa binti ambaye baba yake ni mkali. Tena hatakataa kuupokea.

Wapo watakaosema harusi isiyo na mapambo ya dukani itaonekana ya kimaskini, na wapiga picha watacheka. Hofu hiyo naielewa. Watu waliopitia dhiki wana haki ya kutaka siku moja ya kung'ara. Ila niliyoyaona ni haya: michango ya kamati inaishia kwa mpambaji, mwenye gari na mwenye jenereta, na mwezi wa pili maharusi wanakopa unga. Kitenge kipya, tao la mawese, kwaya yenye sauti, sufuria zilizojaa, hakuna mgeni wa uwandani atakayekwenda nyumbani akisema alidhalilishwa.

Lililobaki ni la kazi. Ndoa ya Agosti ichimbe mashimo Agosti, yajazwe samadi, na miche ipandwe mvua ya Oktoba ikishatulia, si siku ya picha kwenye jua kali. Mwembe uliobebeshwa unaanza kuzaa kwenye mwaka wa tatu au wa nne. Wa kokwa unachelewa. Kila mche uzungushiwe miiba, kwa sababu mbuzi wa Mutarule hawajui sherehe. Kinachoua miche mingi ni kiangazi cha kwanza, kuanzia Juni, wakati ambapo mke huenda ana mtoto mchanga au mimba kubwa na mume yuko Uvira kutafuta kibarua. Kazi ya kumwagilia wapewe wasimamizi wa ndoa, itajwe kanisani pamoja na viapo: madumu mawili kwa kila mti kila wiki, hadi mvua ya pili inyeshe.